Safari ya Nairobi na madaftari yaliyoungua

Tulitoka Arusha alfajiri ya Ijumaa, mara tu baada ya swala, tukiwa watatu: sisi wawili, mume na mke, pamoja na mpwa wetu, binti wa miaka 16. Mama yake, dada yetu, alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo mtoto huyu ni amana nyumbani kwetu. Tulikuwa tunakwenda Nairobi, katika tamasha la mashabiki wa vibonzo, filamu za katuni na michezo ya kompyuta, lijulikanalo kwa jina la NAICCON. Tunajua wako watakaouliza: katibu wa kamati ya msikiti anatafuta nini mahali pale? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu bila kuficha kitu.

Tulikwenda kwa sababu ya deni. Mwaka uliopita, siku chache kabla ya Ramadhani, tulikuta katika begi la mtoto madaftari matatu yaliyojaa michoro. Tulifunua kurasa mbili tatu tu: wasichana wenye macho makubwa kwa mtindo wa Kijapani, farasi wenye mbawa, vita vya panga. Alama zake za hisabati zilikuwa zimeshuka, na wiki hiyo hiyo mzee mmoja alikuwa ametuambia kuwa watoto wa siku hizi wanalelewa na simu. Hatukumwuliza binti neno. Mmoja wetu aliyakusanya madaftari, mwingine akawasha jiko la mkaa; hakuna aliyemzuia mwenzake. Mtoto aliporudi kutoka madrasa alikuta majivu. Hakulia. Alitusalimu, akala, akaosha vyombo. Na tangu siku hiyo hakutueleza jambo lolote ambalo hatukumwuliza. Hali hiyo ilidumu miezi saba.

Tulipompelekea habari hiyo mwalimu wetu wa zamani wa chuo, hakuanza na hukumu ya picha. Alituuliza madaftari na kalamu zilinunuliwa kwa fedha ya nani. Tukakumbuka kuwa zilitoka katika akiba aliyoachiwa na mama yake. "Basi mmechoma mali ya yatima kabla hamjajua kilichomo," akasema. "Kamtakeni radhi kwanza. Mambo ya michoro yatafuata." Tulimtaka radhi. Alisema amesamehe, lakini kwa sauti ile ile ya mtu anayejibu salamu. Tulipomwuliza anapenda tumfanyie nini, alijibu kuwa anataka kuona, walau mara moja, mahali wanapokutana watu wanaopenda anachopenda yeye.

Barabara ya kwenda Namanga inauacha Mlima Meru nyuma na kuingia katika nyanda kavu za Longido, nchi ya Wamasai na mifugo yao. Mpakani hapakutuchelewesha sana. Tangu kituo cha pamoja cha Namanga kizinduliwe rasmi mwezi Desemba 2018, msafiri hugongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Kutoka hapo tulipita Kajiado, Kitengela na viwanda vya saruji vya Athi River, tukaingia Nairobi kabla ya adhuhuri. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu tuliiwahi Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji. Jengo lake la sasa, lenye kuba tatu na minara miwili, lilikamilika mwaka 1933. Msafiri si lazima aswali Ijumaa, lakini ni vigumu kuyapita malango yale huku waumini wakimiminika ndani. Usiku tulilala kwa jamaa zetu wa South C.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Westlands, katika foleni ndefu nje ya ukumbi wa maonyesho. Mbele yetu alisimama kijana aliyevaa deraya ya fedha. Tulipoitazama kwa karibu tuligundua kuwa ni sponji ya mkeka wa mazoezi, iliyokatwa kwa kisu, ikabandikwa kwa gundi na kupakwa rangi. Panga zote zilikaguliwa mlangoni, zikaonekana kuwa ni za sponji na mbao laini. Tulifungwa utepe mkononi, tukaingia.

Ndani kulikuwa na safu za meza. Wachoraji vijana walikuwa wameketi nyuma ya kazi zao: vitabu vya vibonzo walivyochapisha wenyewe, picha kubwa za kubandika ukutani, stika na vishikizo vya funguo. Upande mmoja vijana walishindana kwa michezo ya kompyuta. Mbele kulikuwa na jukwaa, ambako walioiga mavazi ya wahusika walipita mmoja mmoja mbele ya majaji. Uigaji huo wa mavazi huitwa kosiplei, jina lililobuniwa na mwandishi wa Kijapani, Nobuyuki Takahashi, katika miaka ya 1980. Majaji hawakuangalia sura peke yake. Walimwuliza kila mshindani ameshona nini kwa mkono wake na imemchukua muda gani.

Mikusanyiko ya namna hii ilianza kwa udogo. Ule wa San Diego, Marekani, ulianza mwaka 1970 kwa watu wachache hotelini. Leo huvuta zaidi ya watu 100,000. Tokyo walianza Comiket mwaka 1975, soko la wachoraji wanaojichapishia vitabu vyao. Wala sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa vibonzo. Wazee wetu walimcheka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Na sisi tuliozaliwa katika miaka ya 1980 tulimsoma Kingo wa James Gayo kwa kuibia, kitabu cha jiografia kikiwa juu yake. Tulipokumbushana hayo pale ukumbini tuliona haya kidogo.

Hatutasema kuwa yote tuliyoyaona yalitupendeza. Muziki ulikuwa wa juu kupita kiasi. Yalikuwapo mavazi yasiyositiri, michoro ya mashetani iliyotundikwa kama mapambo, na vijana wa kike na wa kiume wakikumbatiana kwa ajili ya kupiga picha. Mara mbili tulimgeuza mtoto upande mwingine, na mara ya tatu akageuka mwenyewe kabla hatujasema. Mzazi atakayemwachia mwanawe kwenda peke yake mahali pale atakuwa amezembea.

Wakati wa adhuhuri ulipoingia tulimwendea mlinzi, akatuonyesha ujia mtulivu nyuma ya stoo. Kibla cha Nairobi ni kaskazini, kikiinama kidogo mashariki. Tulitandika shuka, tukijua kuwa sisi wasafiri tutakusanya adhuhuri na alasiri kwa rakaa mbili mbili. Hatukudumu peke yetu. Walikuja mabinti watatu waliozifunika nguo zao za maigizo kwa mabaibui, kisha vijana kadhaa wa kiume. Mmoja wao, Msomali wa Eastleigh, tulikuwa tumemwona muda mfupi kabla akiwa amejipaka rangi ya kijani uso mzima na mikono hadi juu ya viwiko. Tulimkuta bombani akijisugua kwa sabuni. Kazi ya kujipaka, alisema, ilimchukua saa mbili. "Rangi inazuia maji, ustadhi," alitueleza, kana kwamba sisi ndio tuliohitaji kufundishwa udhu. "Mashindano ni saa tisa. Nitapaka tena." Hatukupata kujua kama aliwahi.

Baada ya swala tulisimama kwenye meza ya mchoraji mmoja kijana. Mpwa wetu alikuwa amevaa gauni pana na ushungi wa buluu alioushona mama wa nyumba kwa maelekezo yake, na mkononi alishika kata ya kifuu. Sisi tulidhani anamwiga mhusika wa filamu fulani ya Kijapani. Mchoraji naye hakumtambua, akamwuliza, "Dada, leo wewe ni nani?"

"Huwezi kumjua," akajibu. "Alikuwa katika daftari langu. Daftari liliungua."

Hakututazama. Nasi tuliinamisha vichwa. Mchoraji alimwuliza kama bado anamkumbuka, akamsogezea karatasi, kalamu na kiti. Binti aliketi akachora kwa muda wa nusu saa na zaidi, watu wakipita nyuma yake. Ndipo kwa mara ya kwanza tukaona tulichokichoma. Ilikuwa hadithi ya msichana wa kijiji cha ukame ambaye husikia maji yakipita chini ya ardhi. Wanakijiji hawamsadiki. Aliyemfundisha kusikiliza ni mama yake, na mama huyo alichorwa amesimama mlangoni, mwili mzima, lakini pahala pa uso palikuwa peupe.

Tulidhani ameacha uso kwa kuchelea hukumu ya kuchora viumbe vyenye roho. Tulipomwuliza alisema, "Nimejaribu, Mjomba, siupati tena. Katika daftari la pili alikuwa anacheka."

Picha ya marehemu iliyobaki kwetu ni moja, ya kitambulisho, na ndani yake hacheki. Mtoto alikuwa amechora cheko la mama yake angali analikumbuka, nasi tulilitia motoni bila kufungua ukurasa ule.

Ndugu msomaji, hatuandiki haya ili kuhalalisha kila mchoro. Wanazuoni wengi wameikataza picha ya chenye roho kwa hoja nzito. Wapo waliotoa ruhusa katika mambo ya watoto na mafunzo, wakitegemea habari ya wanasesere wa Bi Aisha (r.a.) waliokuwa nyumbani mwa Mtume (s.a.w.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Kila familia imwendee mwanachuoni inayemwamini. Lakini haikutupasa kungoja fatwa ili tujue kuwa mali ya yatima haiguswi hovyo, na kwamba mtoto huulizwa kabla ya kuhukumiwa.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayeyapenda mambo haya tunausia machache. Nenda naye wewe mwenyewe, wala usimtume na rafiki. Kubalianeni kuhusu mavazi kabla ya kushona, na muda wa kuondoka kabla ya kuingia. Tafuteni mahali pa kuswalia mapema, kwa sababu ukumbini humsikii mwadhini. Wekeni kiwango cha fedha, maana vitu vidogo vidogo humaliza pochi. Na mtoto akionyesha alichokipenda, kitazame mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

Tulirudi Jumapili. Baada ya kuvuka Namanga, kabla ya Longido, mpwa wetu alianza kuzungumza bila kuulizwa. Alieleza jinsi sponji inavyokatwa isikunjike, na jinsi mchoraji yule alivyomwambia kuwa mikono anachora vizuri lakini miguu bado. Kisha mama wa nyumba akamsimulia jinsi mama yake alivyokuwa akicheka: alizoea kuuziba mdomo kwa ncha ya ushungi, mabega yakitikisika, na machozi yakamtoka kabla ya sauti. Binti alisikiliza akitazama nje ya dirisha. Akasema, "Ndiyo. Mabega." Hakusema zaidi mpaka tulipoona taa za Arusha.

Tumemnunulia daftari jipya kwa fedha yetu, na yale matatu tumeyalipa katika akiba yake. Analiweka kabatini kwake, nasi hatulifungui mpaka atuite. Kufikia leo ametuita mara moja, kwa ukurasa wa maji. Ule wa mama bado.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu dada yetu, atusamehe tulilolitenda kwa haraka, na atujaalie sisi na nyinyi kuwa walezi wenye kuuliza kabla ya kuwasha moto. Wabillahi tawfiq.