Pikipiki Isiyopinda

Kabla ya mwaka 1950, pikipiki za Norton za mashindano zilikuwa na injini hodari, lakini viunzi vyake vilipinda, na mara nyingine vilivunjika. Kiunzi kikipinda, magurudumu mawili hayafuati tena mstari mmoja. Na katika kona ya kasi, roho ya mpandaji imo hatarini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rex McCandless, fundi wa Belfast, hakutafuta dawa katika uzito wa chuma. Alikunja mabomba mawili yakaizunguka injini kulia na kushoto, akayapishanisha penye kichwa cha usukani na kuyalehemu. Hivyo usukani na gurudumu la nyuma vikashikwa na kiunzi kimoja imara.

Mwezi wa Juni 1950, katika kisiwa cha Isle of Man, Norton zilitwaa nafasi tatu za kwanza katika shindano la Senior, Geoff Duke akiwa mbele. Harold Daniell alikifananisha kiunzi hicho na kitanda cha manyoya, na jina la Featherbed likabaki.

Mwenye pikipiki kuukuu na azingatie haya kabla ya kulehemu: chuma kidogo mahali pake hushinda chuma kingi pasipo mahali.