Ukuta wa Jirani na Haki ya Kuulizwa

Ukitaka kuujua uhusiano wa mwananchi na dola yake, usianze kwa kumuuliza kuhusu Katiba. Muulize ni nani aliyeruhusu ukuta wa jirani yake ufikie urefu ule. Jibu lake litakuonyesha kama anaishi chini ya sheria au chini ya hiari ya wakubwa.

Fikra hii ilinijia nikiwa mbali na nyumbani. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Barabara iliyopita nyuma ya nyumba yake ilikuwa imepanuliwa, na taa za magari zikawa zinammulika kitandani usiku kucha. Alitaka kuuinua uzio wake wa mbao ufikie futi 8, ilhali kanuni za mji ule ziliweka ukomo wa futi 6. Hakuweza kumwita fundi tu. Ilimlazimu aombe ruhusa maalumu ya kuvuka kanuni, na ombi hilo likawa jambo la hadharani: majirani waliandikiwa barua, tangazo likasimikwa mbele ya nyumba, na kikao kikapangwa jioni ili wafanyakazi nao waweze kufika.

Nilimsindikiza. Mbele yetu waliketi wakazi watano wa mji, watu wa kawaida walioteuliwa kusikiliza maombi ya namna hiyo. Hawakuuliza kama bibi ni mtu mwema au kama ana uwezo. Waliuliza: je, shida hii inatokana na hali ya kiwanja, au ni matakwa ya mwenye kiwanja? Je, ameisababisha mwenyewe? Je, jirani ataumia? Jirani mmoja alisimama, akasema kwamba uzio ule ungeziba jua la asubuhi katika bustani yake ya mboga. Alisikilizwa sawasawa na mwombaji. Kisha uamuzi ulisomwa pamoja na sababu zake: futi 8 upande wa barabara, futi 6 upande wa bustani. Hakuna aliyepata yote aliyoyataka, lakini kila mmoja aliondoka akijua kwa nini.

Sisimulii haya ili kuipamba Marekani. Kanuni za matumizi ya ardhi zina historia yenye madoa. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya nchi ile ililazimika kuibatilisha kanuni ya mji wa Louisville iliyowatenga wakazi weupe na weusi kwa mitaa. Mwaka 1926 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la kijiji cha Euclid, iliidhinisha mamlaka ya miji kugawa maeneo kwa matumizi, na hukumu yake ikalifananisha jengo la fleti katika mtaa wa nyumba za familia na kimelea. Tangu hapo, ukubwa wa kiwanja na aina ya nyumba vimetumika mara nyingi kuwafungia mlango wasio na fedha. Sisi nasi tunaijua hadithi hiyo. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili kuitenga Kariakoo.

Kwa hiyo, tunaloweza kujifunza si ukomo wa futi 6, wala si ramani zao. Ni utaratibu wa kumuuliza jirani.

Katika mtaa ninaoishi sasa palikuwa na uchochoro. Watoto waliupita kwenda shule, na kina mama waliupita kwenda zahanati. Siku moja yalishushwa matofali, na kabla ya mwezi kwisha uchochoro ukawa ndani ya ukuta mrefu kuliko paa la nyumba yangu. Tulimwendea mwenyekiti wa mtaa. Hakuwa na habari. Tulikwenda kwenye mamlaka inayohusika, tukajibiwa maneno mawili: “Ana kibali.” Kilitolewa lini? Kwa sababu zipi? Nani alisikilizwa? Hatukujibiwa. Leo watoto wale wanazunguka kwa barabara kuu, wakipishana na bodaboda na malori.

Wala si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mtu apate ridhaa ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi. Kasoro yetu ni kwamba ridhaa huombwa na kutolewa kati ya watu wawili ndani ya ofisi, na atakayeishi kivulini mwa ukuta hupata habari zege likiwa limeshakauka.

Wapo watakaosema kwamba wezi hawasubiri vikao. Ni kweli, na mwenye hofu ya wizi anayo haki ya kuieleza hofu yake. Aieleze mbele ya wale ambao ukuta wake utawagusa. Wengine watasema tunaongeza urasimu. Lakini kila kanuni duniani ina watu wanaoivuka. Sisi tunachochagua ni kama watapita mlango wa mbele, wakitoa sababu, au mlango wa nyuma, wakitoa kitu kingine. Pasipo mlango wa mbele, inabaki kauli ya wazee: mwenye nguvu mpishe.

Ndugu zangu mnaofanya kazi katika halmashauri, jambo hili halihitaji bajeti kubwa. Bango kiwanjani, siku moja ya kusikilizana katika ofisi ya serikali ya mtaa, na karatasi moja yenye uamuzi na sababu zake, vingetosha kuanzia. Nanyi wanafunzi wangu, mnaozoea kuidai demokrasia kila baada ya miaka mitano, anzeni kuidai pale matofali yanaposhushwa. Raia asiyeulizwa kuhusu njia ya watoto wake hawezi kuaminishwa kwamba ataulizwa kuhusu nchi.