Tuliita Yote Baridi

Mwaka ule uso wangu uliponenepa, watu wa kwetu Wanging'ombe, mkoani Njombe, walinisifu. "Mama, umenawiri!" waliniambia mlangoni mwa kanisa, nami nikacheka, maana hata magoti yalikuwa yameacha kuuma. Kumbe ulikuwa uvimbe wa dawa.

Magoti yalianza kunisumbua nikiwa na miaka 52. Yalianzia vinyunguni, kule bondeni tunakolima mboga wakati wa kiangazi: nikichuchumaa kupalilia, siinuki mpaka nishike kitu. Baadaye kuteremka mlima kukawa kazi kuliko kuupanda, na goti la kulia likawa linalia kama mtu anayetafuna bisi. Kwetu ugonjwa huo una jina moja tu, baridi. Kiswahili chenyewe kinatuunga mkono, si ndiyo tunasema baridi yabisi? Na Julai ya Njombe, umande unapoganda juu ya majani, haikuachii nafasi ya kubisha. Nikavaa soksi nzito, nikachanjwa chale, nikajipaka dawa ya kuchua hadi blanketi likanuka. Dada yangu anaishi Dar es Salaam, anatoka jasho mwaka mzima, na alikuwa akilalamikia magoti yale yale. Sikujiuliza.

Mtu akanielekeza kwenye duka moja la dawa. Nilipewa vidonge vya aina mbili vilivyokunjwa kwenye karatasi, havina jina wala boksi. Siwezi kusema uongo, vilifanya kazi. Miezi minane nililima kama msichana. Nikanenepa, tumbo likaanza kunichoma, kisha asubuhi moja choo kikatoka cheusi kama lami. Mwanangu akakodi gari, tukaenda hospitali ya Walutheri pale Ilembula.

Tumbo lilitibiwa kwanza. Tabibu, binti mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, aliutazama uso wangu na kusikiliza habari za karatasi ile. Akasema huenda nilikuwa nameza diklofenaki, ambayo huchubua tumbo na kuumiza figo, pamoja na prednisoloni, inayojaza uso na kuongeza uzito. Hiyo ya pili, akanionya, mtu aliyeizoea haiachi ghafla; alinipunguzia kidogo kidogo.

Mimi nilitaka picha ya eksirei. Yeye alikuwa na maswali.

"Mama, ukiamka, magoti yanakaza kwa muda gani?"

"Muda wa kuchemsha chai."

"Yanauma zaidi ukifanya kazi au ukipumzika?"

Akalikunja goti na kulinyoosha huku kiganja kikiwa juu yake, akapima kama lina joto. Mtu aliyevuka miaka 45, akasema, ambaye maumivu yake huja na kazi na kukaza kwa asubuhi hakuzidi nusu saa, mara nyingi hahitaji picha. Gegedu, ile nyama ngumu yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa, ilikuwa imechakaa. Baridi huongeza maumivu kwa baadhi ya watu, lakini haikunila gegedu. Ila goti likivimba ghafla, likawa la moto, na mwili ukapata homa, nisingoje hata siku moja.

Nikamwambia kwa mzaha kwamba sisi ni ukoo wa baridi: shemeji yangu ana baridi ya dole gumba la mguu, na mkwe wangu, mke wa mwanangu, ana baridi ya vidole vya mikono. Hakucheka. Aliweka kalamu chini na kuniuliza habari za hao wawili zaidi kuliko alivyoniuliza zangu.

Ya shemeji ilikuwa gauti. Dole lilimlipukia usiku, jekundu, hata shuka likimgusa anapiga kelele. Alipimwa asidi ya yuriki, akaambiwa apunguze pombe ya ulanzi na kitimoto. Kitimoto amepunguza.

Mkwe wangu ndiye anayenifanya niandike haya. Ana miaka 31. Mikono yote miwili ilivimba kwenye vifundo vya vidole, na asubuhi haikufunguka hadi karibu saa nne. Hakuweza kukamua nguo, hakuweza kushika mwiko. Mimi nilimwita mvivu. Si kwa siri. Nilimwambia mbele ya watoto wake. Tabibu alisema ugonjwa huo ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyenyewe, na kila mwezi unaopita bila dawa unaweza kuharibu kiungo kisirudi. Tulimpeleka hospitali ya rufaa Mbeya. Sasa anameza methotreksati, mara moja kwa wiki na siyo kila siku. Kuikosea hiyo kunaua. Anapimwa damu, na ameambiwa asishike mimba akiwa anaitumia.

Na mimi? Nilidhani nitaambiwa nikae. Niliambiwa nitembee. Ninakaa kwenye kiti, ninanyoosha mguu mmoja, ninahesabu hadi kumi, ninashusha. Kisha ninainuka kitini bila kushika, mara kumi. Wiki ya tatu nilitaka kuacha. Wiki ya nane nilipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Fimbo niliishika miaka miwili mkono wa upande wa goti bovu, kumbe hushikwa upande wa pili. Nimepungua kilo saba. Tabibu alinieleza kuwa kila kilo inayotoka mwilini hulipunguzia goti karibu kilo nne katika kila hatua. Nikapiga hesabu ya mkulima: nimetua debe moja na nusu la mahindi.

Sijapona. Siku ya kupalilia sana goti hunikumbusha jioni. Jembe langu nimelitia mpini mrefu, na choo tumekiwekea kiti.

Asubuhi ninawasha moto mimi. Mkwe wangu huja jikoni na mikono yake ndani ya khanga, ninampa kikombe cha chai akishike kwa viganja viwili, hainywi kwanza. Bado sijamwomba msamaha kwa maneno. Juzi, kabla ya saa moja na nusu, alinyoosha mkono akachukua mwiko.