Injini Haizimi Bure

Dalili ya mvua ni mawingu, na injini nayo haizimi bila dalili. Pikapu ya baba, ambayo ndiyo inayonilipia karo, ilianza kuzima njiani. Huo si mchezo, kwani injini ikizima breki huwa ngumu, na gari lenye usukani wa pawa huwa zito kukata kona. Fundi mmoja akasema ati tununue pampu mpya ya petroli. Baba akajibu, "Ngoja kwanza tuisikilize."

Ndugu msomaji, injini ya petroli hutaka vitu vitatu: hewa, petroli na cheche. Ikikata ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi, shuku umeme: pengine waya umelegea, au koili hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Lakini ikikohoa na kukosa nguvu kabla ya kuzima, anzia kwa petroli.

Yetu ilikohoa. Ilipozima tena, nikafungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa kasi, na gari likawaka. Kumbe tundu dogo la kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi. Petroli ilipopungua tangini, hewa haikupata njia ya kushika nafasi yake, basi pampu ikashindwa kuivuta. Tulizibua tundu hilo kwa sindano tu.

Wenzangu, kabla ya kununua kipuri, chunguzeni kwanza injini imekufaje. Pesa za pampu zilibaki nyumbani, nami nikabaki darasani.