Gari la Baba na Barabara ya Bumbuli

Akina mama wenzangu, anayepanda milima ya Usambara kwa mara ya kwanza hushika kiti kwa mikono miwili. Barabara huiacha Mombo na joto lake, huyapa kisogo mashamba ya mkonge, kisha huanza kujipinda kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili korongo. Ni mwendo wa kilometa thelathini na ushei hadi Lushoto, mji ulio takribani meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Katikati ya safari hiyo ndipo ilipo Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, na soko la kabichi, viazi, plamu na mapeasi. Hapo Soni njia hugawanyika. Moja huendelea Lushoto, nyingine huelekea Bumbuli.

Njia hiyo ya Bumbuli ndiyo iliyolitengeneza gari la marehemu baba yangu. Nasema "iliyolitengeneza" kwa makusudi, maana gari lililotoka kiwandani Ufaransa si lile lililokuwa bandani kwetu.

Kwa mbele lilikuwa Peugeot 404, yenye uso ule uliochorwa na Pininfarina wa Italia na kuonekana kwa watu mara ya kwanza mwaka 1960. Gia zake zilikuwa kwenye usukani. Lakini kuanzia mgongoni mwa dereva lilikuwa gari jingine kabisa: bodi la mbao za mninga lililofungwa kwa vyuma, mabenchi mawili yanayotazamana, na turubai juu. Wasomaji waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1980 watayakumbuka magari ya namna hiyo yaliyoitwa "chai maharage", kwa kuwa abiria walikaa wakitazamana kama watu waliomo mgahawani. Mbele, juu ya bampa, palikuwa na matundu manne ya taa za ziada. Chini ya injini palikuwa na bamba nene la chuma. Na sakafuni, nyuma, palikuwa na pete nne za chuma ambazo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyejua kazi yake.

Mnunuzi na karatasi yake

Baba alipofariki, gari lilikaa bandani miaka mitatu bila kuwashwa. Kisha akaja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mpenzi wa magari ya kale. Alilizunguka, akainama, akatazama matundu ya taa na lile bamba la chuma, akasema, "Gari hili limewahi kukimbia Safari Rally."

Wadogo zangu wakafurahi, maana maneno hayo walikuwa wameyasikia tangu utotoni. Vijana wa kijiji walikuwa wakisema hivyo, na baba hakuwa mtu wa kubishana, alicheka tu. Mnunuzi akataja bei yake: shilingi milioni sita kwa gari lilivyo. Lakini kama mama, akiwa mjane wa mwenye gari, angetia saini karatasi ya kuthibitisha kwamba gari lilishiriki mashindano hayo, angetoa milioni kumi na tano.

Msomaji mpenzi, milioni tisa za ziada si fedha ya kuchezea. Paa la nyumba ya mama lilikuwa likivuja, na wajukuu wawili walikuwa wakidaiwa ada. Mdogo wangu wa kiume alikwisha tafuta kalamu. Mama akaiweka karatasi chini ya kikombe cha chai, akasema, "Mimi nilikuwa mke wa mwenye gari, lakini kabla halijafika kwangu sikuwapo. Siwezi kutia saini nisichokijua. Wewe una siku zako za likizo. Nenda ukaulize."

Ndivyo nilivyoanza safari ya kulitafuta gari lililokuwa bandani kwetu.

Kwa nini maneno yale yaliaminika

Uvumi ule haukuota hewani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye ikawa Tanzania. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa kutoka Tanzania, nao pia kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walirudia ushindi, na safari hiyo pia waliomaliza walikuwa 7.

Basi watu waliziona 404 zikitoka katika matope ambayo magari mengine yaliachwa humo. Si ajabu kila 404 iliyokuwa na tundu la taa ikapewa sifa ya ushindani. Lakini sifa ya jamaa si ushahidi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuchukua futi ya fundi cherehani na kumwomba binamu yangu, fundi wa magari hapo Soni, anisaidie kupima. Alinieleza kwamba 404 ya kawaida, yenye milango minne na buti nyuma, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma ni meta 2.65. Ile ya familia, yenye mgongo mrefu, ni meta 2.84, na pikapu yake ni hivyo hivyo. Tukapima upande wa kulia, tukapima wa kushoto. Kote ilikuwa meta 2.84. Zile zilizoshinda Safari zilikuwa za kawaida zenye buti. Binamu akakunja futi, akasema, "Dada, hili lilizaliwa refu. Kaulize lilizaliwa kwa nani."

Korogwe: mama aliyekumbuka viti

Katika sanduku la baba tulikuta stakabadhi ya mwaka 1976, ya mnada wa mali chakavu za shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Nilishuka mlima kwa basi la asubuhi.

Mkonge ndio uliojenga sehemu hiyo ya nchi. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei duniani, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa mali ya umma. Wenye mashamba waliondoka, magari yakabaki na ofisi.

Ofisini hawakuwa na daftari lolote la miaka hiyo. Karani kijana akanielekeza kwa bibi mmoja, mjane wa dereva wa zamani wa shamba. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu. Hakuhitaji kufikiri. "Lilikuwa jeupe," alisema. "Lilibeba mishahara siku ya Jumamosi, na siku nyingine watoto wa bwana meneja. Lilikuwa na viti safu tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua vitambaa vya viti hivyo, mwanangu. Mashindano? La hasha! Bwana yule alikuwa akimkataza mume wangu hata kupita kwenye dimbwi."

Sikulia wala sikucheka. Nilimshukuru, nikapanda basi kwenda Tanga.

Tanga: fundi wa Ngamiani

Stakabadhi nyingine, ya mwaka 1979, ilikuwa ya karakana moja ya mtaa wa Ngamiani. Karakana haipo tena, lakini mzee aliyekuwa kijana wa kuchomelea wakati ule bado yuko, naye alinikaribisha barazani kwa kahawa.

Alinieleza kwamba baba alilileta gari likiwa limekunjwa mgongo. Mti ulikuwa umeanguka juu yake wakati wa mvua za masika. Nami msomaji nataka ukumbuke hali ya miaka ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka huo hadi Novemba 1983. Vita vya Kagera vilivyoanza Oktoba 1978 vilikuwa vimekula akiba ya taifa. Kipuri cha Peugeot hakikupatikana kwa fedha wala kwa kubembeleza.

"Tulikata nyuma yote," mzee alisema. "Tukaweka vyuma vya lori chini ili lisivunjike, fundi seremala akajenga bodi. Lile bamba chini ya injini nililichomelea mimi. Baba yako alisema mawe ya njia ya Bumbuli yamemtoboa sampu mara mbili."

"Na matundu ya taa, mzee?"

"Taa za ukungu, mwanangu. Kwenu huko juu asubuhi mtu haoni mkono wake. Zilitoka kwenye basi bovu. Baba yako aliniambia, 'Mimi sipakii mizigo tu, napakia watu wasioweza kungoja ukungu uondoke.'"

Nilimuuliza kuhusu pete nne za sakafuni. Akatikisa kichwa. "Hizo hazikutoka kwangu. Kamuulize mama yako."

Pete nne

Nilirudi nyumbani siku ya pili jioni. Mama alikuwa akichambua maharage. Nilimweleza yote, kisha nikataja pete. Akaendelea kuchambua kwa muda, halafu akaniambia nikalete bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya Biblia yake ya zamani.

Ndani yake palikuwa na barua ya ofisi ya kijiji, ya Mei 1981, yenye mhuri uliofifia. Miaka ile, kwa ajili ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Barua ilimwombea baba ruhusa kwa polisi: apite Jumapili wakati wowote, kwa kuwa gari lake "ndilo linalopeleka wazazi na wagonjwa hospitali ya Bumbuli".

"Pete zilikuwa za kufungia kitanda cha kamba," mama alisema. "Miguu minne, pete nne, kisicheze kwenye kona. Mhunzi wa hapa kijijini ndiye aliyezitia. Mimi ndiye niliyemwambia baba yako azitie, baada ya kumwona mwanamke mmoja akirushwa kwenye benchi kama gunia huku uchungu umemshika. Na mtu wa kwanza kulala juu ya kitanda hicho kikiwa kimefungwa ni mimi mwenyewe." Akamtazama mdogo wangu. "Wewe hukufika Bumbuli. Ulizaliwa kwenye pete hizo."

Mimi ni muuguzi, na wodi ya wazazi naijua. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kwa hiyo gari lililo karibu, lenye dereva anayekubali kuamshwa usiku, ni sehemu ya hospitali ingawa halina msalaba mwekundu ubavuni. Tulijaribu na mama kuhesabu wanawake waliopita kwenye kitanda kile. Alitaja majina kumi na tisa kabla ya kuchoka, na wawili kati yao hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Hao pia aliwataja.

Jibu kwa mnunuzi

Mnunuzi alipopiga simu, mama alichukua mwenyewe. Alimweleza kwamba gari halikushindana popote, lilikuwa gari la mishahara ya mkonge, kisha la kubebea wazazi, na nyuma yake ilijengwa Tanga. Bwana yule alikuwa mstaarabu. Alishukuru, akasema kwa gari lililokatwa hivyo hata zile milioni sita hawezi tena kutoa.

Sitaki kukupamba, msomaji. Hayo hayakumfurahisha kila mtu. Mmoja wa wadogo zangu wa kike alikasirika, na paa la mama tulilitengeneza kwa kuchangishana kidogo kidogo, mwaka mzima. Lakini yule mdogo wangu aliyekuwa ameshika kalamu ndiye aliyenunua betri mpya na kubadilisha turubai. Gari linawaka. Siku za soko hupeleka kabichi za mama hadi Soni, na pete nne bado ziko sakafuni.

Dada mpendwa, katika nyumba nyingi iko mali ya baba ambayo kila mtu anaijua kwa uvumi: gari, baiskeli, cherehani, shamba. Hati huandikwa jina la mwanamume, lakini mara nyingi anayejua ilivyopatikana na ilivyotumika ni mwanamke aliyefua vitambaa vyake, au aliyelala juu yake kwa uchungu. Wakati wazee wangali hai, kaa nao na daftari. Uliza kitu kilitoka kwa nani, mwaka gani, kwa fedha ya nani, na nani alikibadilisha na kwa nini. Andika majina nyuma ya picha. Weka stakabadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kisha siku atakapokuja mtu na karatasi na kalamu, utajua cha kumjibu.