Sufuria za Omurushaka: Mke wa Mgombea katika Mikutano ya Chama

Kijana aliyezaliwa Omurushaka baada ya mwaka 2000 ana picha moja tu ya mke wa mgombea katika mkutano wa uteuzi, yaani mkutano ambamo wajumbe wa chama humpendekeza mwenzao agombee kwa tiketi ya chama hicho: mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani na njano huitwa mbele, husimama, hupunga mkono, hupigiwa vigelegele, kisha huketi. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni changa, na wanaoichukua kuwa ndiyo desturi tangu enzi za TANU, chama kilichotangulia CCM, wanakifuta kizazi kizima cha wanawake wa Karagwe ambao hawakuitwa jukwaani hata mara moja, na ambao aghalabu walijua kura zingeangukia wapi kabla sanduku halijafunguliwa.

Omurushaka ni njia panda. Hapo barabara itokayo Kyaka na Bugene hukutana na ile iendayo Nkwenda hadi Murongo, mpakani mwa Uganda, na Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, hayako mbali. Kabla Wilaya ya Kyerwa haijamegwa mwaka 2012, mjumbe wa mkutano mkuu wa wilaya aliyetoka Murongo, Kaisho au Isingiro aghalabu alifika Kayanga kwa kupitia hapo, na kwa kuwa magari yalikuwa machache na barabara ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika, mwenye busara alitangulia siku moja akalala njiani. Mwaka wa kugawanywa wilaya unathibitika. Miaka ya mikutano yenyewe huchanganyika katika simulizi, wala hakuna hasara kubwa, kwa sababu sufuria zilikuwa zilezile.

Mgeni alilala kwa mtu, na kwa mila za Wanyambo heshima ya nyumba hupimwa kwa mama wa nyumba. Ndizi zilimenywa alasiri, zikapangwa katika sufuria kubwa pamoja na maharage, zikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa zijipike taratibu, hata asubuhi moshi wa kuni na harufu ya jani lililoiva vilikuwa vimeingia katika nguo za kila aliyelala humo. Kabla ya chakula ilipita kahawa ya kutafuna, yaani buni iliyochumwa kabla haijaiva sana, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya wageni. Ilitolewa katika kikapu kidogo, na mgeni alichukua punje mbili tatu, akatafuna polepole huku akiulizwa habari za nyumbani. Baada ya hapo ndipo rubisi, pombe ya ndizi mbivu na mtama, ilipofungua vinywa. Harufu hizo tatu, za jani, za buni na za rubisi, ndizo zilizokuwa harufu za siasa katika njia panda hiyo, na mtu mzima anayezikumbuka huona uchovu kunusa leo wali wa sherehe ulioletwa na mpishi wa kukodi katika vyombo vya plastiki.

Ila chakula kilikuwa mlango tu. Katika kupita na kikapu, mke wa mgombea aliuliza mtoto wa mjumbe amelazwa lini katika hospitali ya Nyakahanga, mahari ya binti imefikia wapi, kahawa imelipwa au bado iko kwenye vitabu vya ushirika. Kila jibu lilimwambia jambo ambalo mumewe, aliyekuwa sebuleni akieleza sera, asingeweza kuambiwa. Kwa wajumbe wanawake, ambao wengi walitoka katika UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulioundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mgombea hasa, maana walimpima mume kwa jinsi mke alivyowapokea, na pia kwa jinsi alivyoonekana kutendewa nyumbani kwake. Ukarimu huo haukuwa safi siku zote. Mipaka kati ya kumlisha mgeni na kumnunua mpiga kura ilikuwa myembamba hata wakati huo, na si haki kuwavika wanawake hao utakatifu ambao wenyewe hawakuudai.

Chama nacho kilimwona mke kwa namna ya ajabu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, mkutano wa wilaya ulipiga kura ya mapendekezo, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wagombea wawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na kampeni zikaendeshwa katika mikutano ya pamoja iliyosimamiwa na chama. Hapo mke hakuwa na nafasi yoyote ya wazi. Miaka miwili baadaye alitajwa, tena kwa kukatazwa: masharti ya uongozi katika Azimio la Arusha yalimhesabu kiongozi pamoja na mke au mume wake, hivyo nyumba ya kupangisha au hisa katika kampuni, hata ikiwa kwa jina la mke, ikawa dosari ya mume. Yafaa kukumbuka kwamba Mama Maria Nyerere, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1930, aliisaidia familia yake kuishi kwa duka dogo jijini Dar es Salaam baada ya mumewe kuacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Chama kilichoanza kwa kutegemea duka la mke kilifika mahali pa kumkataza mke wa kiongozi mali ya namna nyingi, na wake wa viongozi wa wilaya kama Karagwe walibakiwa na jiko, mahali ambapo hakuna kamati iliyokagua.

Wachache walitoka jikoni kwa njia ya UWT. Sofia Kawawa, mke wa Rashidi Kawawa, aliiongoza jumuiya hiyo katika miaka ya 1980, akazungumza kwa sauti yake mwenyewe hadi kuwaudhi wengi. Karagwe nayo inamkumbuka Janet Kahama, mke wa Sir George Kahama, aliyeingia Bungeni kwa Viti Maalum, yaani nafasi za wabunge wanawake zinazogawiwa vyama kwa uwiano, wakati jina la mumewe lilikuwa limekwisha kukaa katika siasa za Kagera tangu zama za ushirika wa kahawa.

Kilichoua sufuria za Omurushaka ni fedha, kisha sheria. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mara neno la adabu likageuka bei. Mahakama Kuu iliyafuta mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikaingiza hata michakato ya ndani ya vyama katika hesabu. Sufuria ikawa ushahidi. Bahasha, ambayo haitoi moshi, ikachukua nafasi yake, na bahasha haihitaji mke mwenye kumbukumbu ya magonjwa na mahari za watu. Mwaka 2010 CCM iliwafungulia wanachama wote kura za maoni, na kumlaza mjumbe kukapoteza maana. Kyerwa ikawa wilaya, lami kutoka Kyaka ikafika Bugene, na safari ya mkutano ikawa ya kwenda na kurudi.

Yaliyofuata yanajulikana. Wake wa marais walipata taasisi, Mama Anna Mkapa akiwa na EOTF na Mama Salma Kikwete na WAMA. Dodoma, Julai 2015, CCM ilipoteua mgombea wake wa urais, wawili kati ya watatu wa mwisho, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro, walikuwa wanawake wanaojiombea wenyewe, na John Magufuli aliyewashinda alikuwa na mke mwalimu wa shule ya msingi aliyesema machache. Mwaka 2020 Mama Salma alichaguliwa mbunge wa Mchinga. Januari 2025 mkutano mkuu wa CCM ulimpitisha Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea urais, ambaye mumewe, Hafidh Ameir, mtaalamu wa kilimo, haonekani sana hadharani, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuzunguka na kikapu cha kahawa.

Vitabu vya mihutasari ya mikutano ya wilaya, popote vilivyosalia, huandika wajumbe, hoja na kura, havimwandiki aliyepika. Walimu wa shule za Bugene na Nkwenda wanaowapa wanafunzi kazi ya historia ya kijiji wangewatuma kwa wanawake hao sasa, wakiwa bado hai, wakaulize nani alilala kwa nani usiku wa kuamkia kura, na alikula nini.