Draivu Inayokubaliana na Nafsi Yake

Laptop ya Compaq LTE ilitoka mwaka 1989. Ukiifungua leo, mara nyingi utakuta draivu ya flopi imekufa kwa kitu kimoja cha bei ndogo: mpira mwembamba unaotoa mzunguko kwenye mota na kuupeleka kwenye diski. Umri umeuyeyusha, umebaki uchafu mweusi unaonata vidoleni. Ndio ugonjwa ulioua redio kaseti za wazee wetu.

“Kompyuta sizijui,” aliniambia fundi redio mmoja mtu mzima, “lakini mpira naujua.” Akasugua kigurudumu kwa pamba na spiriti mpaka kikang'aa, akavisha mpira mpya na kuubonyeza kwa kidole. Ukikaza mno unaielemea mota. Ukilegea unateleza, na diski inatakiwa kuzunguka mara 300 kwa dakika. Kubadilisha draivu nzima si mkato: utakayoinyofoa kwenye laptop ya rika hilohilo ina mpira wa umri uleule.

Lakini kilichonifikirisha zaidi si mpira. Diski ya megabaiti 1.44 ina njia 80 kila upande, zimebanana mno. Kichwa cha kusomea husogezwa kutoka njia moja hadi nyingine na mota ndogo iliyofungwa kwa skrubu. Skrubu hizo zikiguswa, kichwa kinahama kidogo tu, na draivu yenyewe haina habari. Ipe diski mpya, itaiandaa. Andika barua, itaihifadhi na kuisoma bila kukosa herufi. Inajipigia ngoma na kuicheza yenyewe. Kasoro hujulikana siku inapoletwa diski iliyoandikwa kwingine, na hata hapo mwenye mashine atasema diski ya mwenzake ndiyo mbovu.

Nimeketi kwenye vikao vya namna hiyo, vya ukoo na vya kazini. Watu walewale, wakiafikiana kila mara, mpaka mkwe mgeni au mwajiriwa mpya aulize jambo la kawaida kabisa na kuonekana mkorofi. Hakuna anayedanganya mle, na hapo ndipo ugumu ulipo. Draivu iliyohama husoma kwa uaminifu kile ilichokiandika. Mwongo utambana kwa maneno yake mwenyewe. Huyu asiyedanganya utambana na nini?

Mafundi wa flopi wana jibu la vitendo. Hutumia diski iliyoandikwa kwenye mashine nyingine iliyo nzima, wakafungua kile kidirisha cha pembeni ili isiandikwe kitu kingine, kisha wakalegeza skrubu na kuisogeza mota unywele kwa unywele mpaka isomeke. Ila kabla ya hapo, nakili kwenye diski kuu kila kilichomo katika flopi za zamani za mashine hiyo, maana draivu ikishanyooka haitazisoma tena.